Nafasi ya Lugha katika Vizuizi vya Uchunguzi wa Saratani ya Matiti Mpakani mwa Uganda na Kenya: Masafu, Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua vizuizi vinavyowafanya wanawake wa Masafu na maeneo jirani ya Busia na Tororo wasifikie mapema uchunguzi wa saratani ya matiti. Mijadala mingi ya sera hutaja umaskini, umbali, woga na ukosefu wa elimu. Makala yanakubali uzito wa mambo hayo, lakini yanadai kwamba lugha ya huduma ni kizuizi kinachojitegemea na ambacho hakijapewa nafasi yake. Kwa kuchambua maneno ya kawaida ya Kiswahili cha afya, yaani uchunguzi, kuumwa, uvimbe, kifua, kupima na majibu, makala yanaonyesha namna ujumbe sahihi wa kitabibu unavyoweza kumfikia mwanamke ukiwa na maana nyingine, au ukimwelekeza asubiri badala ya kwenda kituoni. Mwisho yanatoa mapendekezo kwa wapangaji wa sera, likiwamo la kutenga kazi ya Kiswahili na kazi ya lugha za wenyeji katika mnyororo wa huduma za mpakani.

Maneno makuu: saratani ya matiti, uchunguzi, istilahi za afya, lugha za mpakani, Masafu

1.0 Utangulizi

Saratani ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi duniani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nayo, na watu 670,000 walifariki kutokana nayo. Nchini Kenya inaongoza miongoni mwa saratani za wanawake. Nchini Uganda inafuata saratani ya mlango wa kizazi. Hata hivyo, tofauti kubwa baina ya nchi tajiri na nchi zetu haiko katika idadi ya wanaougua, bali katika idadi ya wanaopona.

Utafiti uliofuatilia wagonjwa wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia walioandikishwa kati ya mwaka 2014 na 2017 ulionyesha kwamba, miaka mitatu baada ya kugunduliwa, takriban nusu tu ya wanawake hao walikuwa hai. Watafiti wale wale walikadiria kwamba kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo hivyo vingeweza kuepukwa iwapo wanawake wenye dalili wangegunduliwa mapema na matibabu yaliyopo yakaboreshwa. Walikadiria pia kwamba kila vifo 100 vya wanawake wenye umri wa chini ya miaka 50 huacha watoto 210 bila mama. Kwa hiyo, swali la kwa nini mwanamke amechelewa kufika kituoni ni swali la nyumba nzima, si la mgonjwa mmoja.

Jibu la haraka linalotolewa kwa swali hilo ni kwamba wanawake hawana elimu. Jibu hilo lina ukweli, lakini lina kasoro moja: linachukulia kwamba elimu imekwisha kutolewa kwa maneno yanayoeleweka, na kwamba aliyeisikia asiitende amepuuza. Makala haya yanaanzia hapo. Yanauliza: mwanamke wa Masafu anaposikia tangazo la saratani ya matiti, anasikia nini hasa?

2.0 Eneo na Lugha Zake

Masafu iko katika Wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda, katika eneo la Samia-Bugwe. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Kwa upande wa mashariki inapakana na Kaunti ya Busia ya Kenya, na kwa kusini inagusa Ziwa Viktoria. Hospitali ya serikali ya Masafu huhudumia wakulima wadogo, wavuvi na wachuuzi wa mpakani. Mgonjwa anayehitaji huduma kubwa zaidi hupelekwa Mbale au Kampala, mji ulio umbali wa takriban kilomita 200 kutoka Busia. Jirani yake wa upande wa Kenya hutazama zaidi Kisumu na Eldoret.

Mpaka wenyewe ni mchanga kuliko lugha zinazovukana juu yake. Hadi mwaka 1902, eneo lililo upande wa Kenya lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliliingiza katika utawala wa Afrika Mashariki. Wasamia wakajikuta katika nchi mbili, na Wateso vivyo hivyo. Leo Lusamia huzungumzwa Samia-Bugwe na pia Funyula. Ateso husikika Tororo na pia upande wa Teso wa Kaunti ya Busia. Na Jopadhola wa Tororo wana Dhopadhola, lugha yenye udugu na Kiluo. Juu ya lugha hizo kuna Luganda, inayoingia kwa redio na biashara. Kiingereza, lugha ya maandishi ya hospitali. Na Kiswahili, lugha ya soko na ya njia kuu. Hata neno bodaboda, linalotumika sasa Afrika Mashariki nzima, lina asili yake katika baiskeli zilizowavusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka katika eneo hili.

Mgawanyo huu wa lugha haulingani kwa wanaume na wanawake. Nchini Uganda, Kiswahili kilienea kwa muda mrefu kupitia jeshi, polisi na biashara ya masafa, yaani nyanja ambazo wanaume walikuwa wengi. Mwanamke anayeuza samaki au nafaka mjini Busia huenda akakizungumza vizuri, lakini mwenzake anayelima vijijini Masafu anaweza kukisikia bila kukitumia. Suala hili tutalirudia katika sehemu ya sita.

3.0 Neno Moja, Shughuli Nne

Kabla ya kuzungumzia vizuizi vya uchunguzi, ni lazima tuulize uchunguzi ni nini. Katika Kiswahili cha afya, neno hilo hubeba shughuli nne zilizo tofauti.

Ya kwanza ni kuwapima watu wasio na dalili yoyote ili kuwapata wachache walio na ugonjwa usioonekana. Kwa saratani ya matiti, chombo cha kazi hiyo ni mamografia. Mwongozo wa taifa wa Kenya wa mwaka 2018, kwa mfano, unaelekeza kipimo hicho kwa wanawake kuanzia umri wa miaka 40. Ya pili ni mhudumu wa afya kuyapapasa matiti na makwapa kwa mikono yake kwa utaratibu maalumu. Ya tatu ni maabara: kuchukua kipande cha nyama ya uvimbe na kukitazama kwa hadubini, njia ambayo kwayo ugonjwa huthibitishwa. Ya nne ni mwanamke kujichunguza mwenyewe nyumbani.

Shughuli hizi hazina uzito mmoja wala ushahidi mmoja. Mamografia inahitaji mashine ghali, umeme wa uhakika na mtaalamu wa kusoma picha. Aidha, haioni vizuri ndani ya matiti ya wanawake vijana, ambayo tishu zake ni nzito. Kwa kuwa takriban nusu ya wagonjwa katika nchi zetu wana umri wa chini ya miaka 50, kuahidi mamografia kwa kila kijiji ni kuahidi chombo kisichofikika na kisichowafaa wengi. Kuhusu kujichunguza, jaribio kubwa lililofanyika Shanghai kwa wanawake zaidi ya 266,000 wafanyakazi wa viwanda, na kuchapishwa mwaka 2002, lilionyesha kwamba kufundisha mbinu ya kujichunguza hakukupunguza vifo, bali kuliongeza upasuaji wa vivimbe visivyo na madhara. Uchunguzi wa mikono unaofanywa na wahudumu waliofunzwa umeonyesha matumaini zaidi. Jaribio la Mumbai lililofuatilia wanawake zaidi ya 151,000 kwa miaka 20, na kuchapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba uchunguzi huo uliwezesha ugonjwa kugunduliwa katika hatua za awali, na kwa wanawake wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30, ingawa kwa wanawake wote kwa jumla upungufu haukuwa wa kutosha kuthibitishwa kitakwimu.

Iwapo waraka wa sera unasema tu kwamba “wanawake wahamasishwe wafanyiwe uchunguzi”, msomaji wa wizarani anaweza kuelewa mashine, mhudumu wa Masafu akaelewa mikono yake, na mwanamke akaelewa kisu. Kila mmoja anakuwa sahihi kwa mujibu wa neno, lakini hawakubaliani juu ya jambo. Aidha, nje ya hospitali neno uchunguzi ni la polisi na mahakama: anayechunguzwa ni mtuhumiwa. Si ajabu kwamba mtu mwenye afya haoni sababu ya kujipeleka kuchunguzwa.

4.0 Vizuizi vya Huduma na Uchumi

Uchambuzi wa lugha haupaswi kufunika vizuizi vya mali na miundombinu. Uganda iliondoa malipo katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, lakini huduma isiyo na ada si huduma isiyo na gharama. Nauli ya bodaboda, siku ya kazi ya shamba iliyopotea, chakula cha aliyemsindikiza mgonjwa na malipo ya kipimo kisichopatikana hospitalini hubaki juu ya familia. Mwanamke asiye na maumivu, mwenye watoto wanaosubiri ada ya shule, hupima gharama hizo dhidi ya jambo ambalo bado hajaamini kuwa ni ugonjwa.

Kizuizi cha pili ni mkatiko wa njia. Mwanamke anaweza kuitikia wito, akapapaswa, akaambiwa kuna kitu cha kufuatilia, kisha akapewa barua ya rufaa ya kwenda mji asioujua. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa kimataifa wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, limeweka malengo matatu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa katika hatua ya kwanza au ya pili, utambuzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu waliyopangiwa. Lengo la pili ndilo kipimo halisi cha mkatiko huu. Mwanamke aliyefika mapema lakini akazungushwa miezi sita atahesabiwa mwishoni kama aliyechelewa, na lawama itamrudia yeye.

Kizuizi cha tatu ni imani ya watu juu ya tiba yenyewe. Mwaka 2016 mashine pekee ya umma ya tiba ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika, na mashine nyingine haikuzinduliwa rasmi hadi mwaka 2018. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, imepanua huduma zake tangu wakati huo, lakini habari ya mashine iliyokufa ilisafiri haraka kuliko habari ya mashine iliyofufuka. Pale ambapo jamii imeona wagonjwa wakiondoka kwenda Kampala na kurudi wakiwa maiti, hitimisho kwamba hospitali ndiyo inayoua lina mantiki yake, hata kama si sahihi. Wagonjwa wale walifika wakiwa wamechelewa, lakini jirani hakuona hatua ya ugonjwa. Aliona safari na jeneza. Hofu inayotajwa mara kwa mara katika tafiti za Afrika Mashariki, kwamba sindano au kisu huusambaza ugonjwa, inalishwa na mfuatano huo huo wa matukio.

Kizuizi cha nne ni cha mamlaka ya nyumbani na staha. Uamuzi wa kutumia fedha mara nyingi huwa wa mume au wa wakwe, na kumvulia nguo mhudumu wa kiume ni jambo ambalo wanawake wengi hawalikubali kwa ugonjwa ambao hauonekani. Hapa ndipo tunapoingia katika lugha, kwa maana ruhusa huombwa kwa maneno, na maneno hayo lazima yatamkike mbele ya mume, mama mkwe na mganga.

5.0 Vizuizi Vilivyomo Ndani ya Maneno

5.1 Kuumwa

Swali la kwanza katika chumba cha daktari ni “Unaumwa nini?” au “Unasumbuliwa na nini?” Katika Kiswahili, kuumwa ni kuwa mgonjwa na pia ni kupata maumivu. Hata kitenzi kuugua, kinacholeta nomino ugonjwa, kina maana ya pili ya kulia kwa maumivu. Lugha yenyewe, basi, imeufunga ugonjwa pamoja na uchungu. Lakini uvimbe wa saratani ya titi katika hatua za awali mara nyingi hauumi. Mwanamke mwenye kitu kigumu kisichouma hana jibu sahihi kwa swali aliloulizwa. Akisema “siumwi”, amesema kweli kwa mujibu wa mwili wake, na daftari litaandikwa kwamba hana tatizo. Kutouma, ambako kwa daktari ni sababu ya kuongeza tahadhari, kwa msemaji wa Kiswahili ni dalili ya uzima.

5.2 Uvimbe

Mabango mengi huandika: “Ukiona uvimbe kwenye titi, nenda hospitali.” Nomino uvimbe hutokana na kuvimba, nayo huleta picha ya kitu kilichofura, kama jipu au mguu ulioteguka. Kitenzi kuona nacho hukamilisha picha: lazima kionekane kwa macho. Ilhali kinachotafutwa ni kitu kidogo, kigumu, kilicho chini ya ngozi, kinachojulikana kwa kugusa. Mwanamke anayetii bango hilo neno kwa neno atasubiri hadi uvimbe uonekane, na wakati huo ugonjwa utakuwa umesonga mbele. Ujumbe sahihi ungesema: “Ukigusa titi au kwapa ukakuta kitu kigumu, hata kikiwa kidogo kama punje ya harage na hata kama hakiumi, fika kituoni.” Sentensi hii ni ndefu kuliko ya bango, lakini haimwelekezi mtu asubiri.

Uvimbe pia hujumuisha vitu ambavyo tabibu huvitenganisha: kifuko cha maji, jipu la mama anayenyonyesha, kivimbe kisicho na madhara na saratani. Vivimbe vingi vya matiti si saratani. Jambo hilo likielezwa wazi, hupunguza woga. Lisipoelezwa, neno moja hugeuka kuwa hukumu.

5.3 Jina la kiungo

Kiswahili kina titi na ziwa. Ziwa, kwa wingi maziwa, lina utata: maziwa ni matiti, ni kinywaji, na katika wilaya inayogusa Ziwa Viktoria, ni maji makuu pia. Lugha za Kiluhya nazo zina hali ya namna hiyo, ambapo shina -beere huhusiana na titi na pia na maziwa ya kunywa. Titi ndilo neno la kitabibu, lakini mbele ya wakwe au katika mkutano wa hadhara wasemaji wengi huliepuka na kusema kifua. Tafsida hiyo ina heshima yake, lakini ina gharama. Mwanamke anayesema “nina shida ya kifua” hupelekwa kwenye kikohozi, homa ya mapafu au kifua kikuu. Mhudumu anayejua tafsida hii atauliza swali la pili. Asiyeijua ataandika dawa ya kikohozi.

5.4 Kupima na majibu

Kwa zaidi ya miongo mitatu, kampeni za Ukimwi zimekifanya kitenzi kupima kuwa na maana maalumu. Kusema “nimekwenda kupima”, bila yambwa, hueleweka kuwa ni kupima virusi vya Ukimwi. Mwanamke anayemwambia mumewe kwamba anakwenda hospitali kupima anaweza kuanzisha swali lisilohusu matiti hata kidogo: amepata shaka gani, na juu ya nani? Vivyo hivyo kwa majibu. Katika lugha ya maabara, majibu chanya maana yake ugonjwa umepatikana. Katika matumizi ya kila siku, chanya ni jema, kama katika mtazamo chanya. Mtu aliyeambiwa kwamba majibu ni chanya anaweza kutoka akiwa ameshukuru. Maneno “ugonjwa umeonekana” na “ugonjwa haukuonekana” hayana utata huo na hayahitaji elimu yoyote ya ziada.

5.5 Jina la ugonjwa

Saratani ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo kwa asili hurejelea kaa wa baharini, kama linavyofanya neno la Kizungu lililotupa kansa. Katika Kiswahili cha maandishi saratani ndiyo inayopendelewa, lakini katika mazungumzo ya Uganda kansa ndiyo inayojulikana zaidi, pamoja na kookolo ya Luganda inayosikika redioni. Bango lenye saratani peke yake linaweza kusomwa kana kwamba linatangaza ugonjwa mpya. Ufumbuzi si kuchagua mshindi, bali kuyataja majina hayo pamoja hadi yazoeleke.

Majina ya tiba nayo yanahitaji uangalifu. Tiba ya mionzi huitwa mara nyingi kuchomwa, neno linalotumika kwa sindano na kwa moto. Upasuaji hutajwa kama kukatwa titi, hata pale ambapo daktari anakusudia kuondoa uvimbe peke yake. Mwanamke anayesikia maneno hayo mawili kabla ya jambo lingine lolote amekwisha kuelezwa mwisho wa safari kabla hajaanza.

6.0 Lugha Ipi Itumike Mpakani?

Katika kongamano la Kiswahili ni rahisi kuhitimisha kwamba tatizo litakwisha iwapo Kiswahili kitapewa nafasi zaidi. Kisheria, mazingira yanaruhusu. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 ulielekeza kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Hata hivyo, mwanamke mwenye miaka 45 leo hakusoma shule hizo. Mazungumzo juu ya titi lake, hofu yake na ruhusa ya mumewe hayawezi kusubiri kizazi kingine. Kwa mazungumzo hayo ya kwanza, Lusamia, Ateso na Dhopadhola hazina mbadala, na timu za afya za vijiji nchini Uganda, pamoja na wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya, ndizo zenye lugha hizo. Kumpa mhudumu huyo kijitabu cha Kiingereza na kumwachia atafsiri papo kwa papo ni kuhamishia mzigo wa istilahi kwa mtu asiye na muda wala zana za kuubeba. Kila mmoja atatafsiri kivyake, na kata mbili jirani zitapata ujumbe tofauti.

Kazi ya Kiswahili iko mahali pengine: ni lugha ya kiungo. Ndiyo lugha ambayo mkufunzi wa Tororo, mhudumu wa Msamia wa Funyula na mwenzake Mteso wa Malaba wanaweza kufunzwa wakiwa pamoja. Ndiyo inayoweza kubeba muhtasari mfupi wa rufaa ambao mgonjwa na jamaa yake watausoma, huku maelezo ya kitabibu yakibaki katika Kiingereza. Mgonjwa wa mpakani huvuka kutafuta huduma kama anavyovuka kutafuta soko. Barua yake inapaswa kusomeka pande zote mbili, na yeye mwenyewe awe wa kwanza kuielewa. Kiswahili kikifanya kazi hiyo, kitakuwa kimewasaidia wanawake wa Masafu zaidi kuliko kikilazimishwa kuwa lugha ya chumba cha siri ambacho bado si chake.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na ufafanuzi huu, makala yanapendekeza mambo matano.

(a) Nyaraka za sera zitenganishe istilahi. Upimaji wa wasio na dalili utumike kwa mamografia na mipango inayofanana nayo. Uchunguzi wa mikono kwa kazi ya mhudumu. Uthibitisho wa maabara kwa hadubini. Na utambuzi wa mapema kwa njia nzima inayomfikisha mwenye dalili kwenye tiba bila kuchelewa. Kwa Masafu, kipaumbele cha sasa ni utambuzi wa mapema, na sera ilitaje jambo hilo kwa jina lake.

(b) Swali la kwanza la mhudumu libadilishwe. Badala ya “Unaumwa nini?” peke yake, liongezwe hili: “Mama, kuna badiliko lolote kwenye titi au kwapani, hata kama haliumi?” Swali hili linaweza kuulizwa kila mwanamke anapofika kwa uzazi wa mpango, chanjo ya mtoto au ugonjwa mwingine, bila safari mpya na bila nauli mpya.

(c) Ujumbe wa umma ujaribiwe kabla ya kuchapishwa. Wanawake wa eneo husika waombwe waueleze kwa maneno yao wenyewe. Iwapo msikilizaji anasema “nisubiri hadi nione”, bango halijafaulu, hata kama sarufi yake ni safi.

(d) Orodha fupi ya istilahi iandaliwe kwa pamoja katika Kiswahili, Lusamia, Ateso na Dhopadhola. Istilahi 40 au 50 zinatosha kwa kuanzia, zikiwa na maelezo ya tafsida zinazotumika na maswali ya kufuatilia. Kazi hii iwahusishe wauguzi, wanaisimu na wanawake waliopona, kwa kuwa aliyepona ndiye anayejua neno lililomchelewesha.

(e) Wanaume wazungumziwe moja kwa moja. Matangazo mengi humwambia mwanamke ajitunze, kisha humwacha aende kuombea nauli. Ujumbe kwa waume na wakwe ueleze gharama ya kuchelewa kwa lugha ya nyumba: watoto, shamba, na muda ambao tiba bado ni rahisi. Uwakumbushe pia kwamba wanaume nao hupata saratani hii, ingawa kwa nadra.

Mapendekezo haya hayachukui nafasi ya maabara, dawa wala usafiri. Ujumbe ulio bora ukimleta mwanamke kwenye kituo kisicho na njia ya rufaa utakuwa umemvunja moyo yeye na majirani zake kumi. Kwa sababu hiyo, marekebisho ya lugha na marekebisho ya huduma yapangwe katika bajeti moja na yapimwe kwa kipimo kimoja, yaani siku zinazopita kati ya hatua ya kwanza ya mgonjwa kituoni na utambuzi kamili.

8.0 Hitimisho

Makala yamejaribu kuonyesha kwamba kuchelewa kwa wanawake wa Masafu hakuelezeki kwa ujinga wala kwa umaskini peke yake. Kati ya mwili wa mwanamke na meza ya daktari kuna mnyororo wa maneno, na katika kila pingili maana inaweza kupotea: asiyeumwa akahesabiwa mzima, kisichoonekana kikahesabiwa hakipo, titi likawa kifua, na kupima kukawa tuhuma. Vizuizi vya aina hii vina sifa moja inayopaswa kuwavutia washauri wa sera: kuviondoa ni nafuu kuliko kununua mashine, na kunaweza kuanza katika mwaka huu wa bajeti. Wanaisimu wa Kiswahili kwa muda mrefu wameomba nafasi katika sekta za maendeleo. Hapa nafasi ipo, na matokeo ya kazi yao yatahesabika kwa mama wanaobaki na watoto wao.